Ugandishe donge au ugandishe mkate? Sayansi ya friza, hamira na umeme unaokatika

Umekanda kilo mbili za unga wa ngano. Nyumbani mtamaliza nusu tu. Nusu iliyobaki utaifanyaje? Utaitia kwenye friza ikiwa bado donge bichi, uje uioke siku nyingine? Au utaoka yote leo, halafu ugandishe mikate yenyewe?

Ukiuliza mtaani, jibu huja haraka: gandisha donge, maana mkate wa moto hauna mpinzani. Mwingine atakwambia hapana, oka kwanza, usije ukajuta. Wote wawili wana hoja, na kila mmoja anaegemea sayansi fulani bila kujua. Ila hili si suala la ladha peke yake. Mfikirie mama anayeuza chai na skonzi karibu na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Kitete, Tabora. Donge likigoma kuumuka saa kumi na moja alfajiri, huo ni unga uliopotea, mkaa uliopotea na wateja waliohamia meza ya jirani. Na unga wenyewe umetoka mbali. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania inaagizwa nje, na kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli.

Kwa hiyo twende taratibu. Tuangalie nini hasa kinatokea ndani ya donge likiganda, nini kinatokea ndani ya mkate ukiganda, halafu tupige hesabu ya umeme na mkaa.

Somo tunalolijua tayari: michembe na matobolwa

Tabora ni mji wa njia. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne tangu kuondoka pwani. Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa leo, kuanzia Februari mpaka Agosti 1872 akisubiri wapagazi. Wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe walikuwa wakilima ngano kidogo kwa ajili ya mikate yao. Lakini chakula kilichobeba misafara kilikuwa nafaka kavu, na sababu yake ni moja: bakteria, kuvu na vimeng'enya vinahitaji maji ili vifanye kazi. Ondoa maji, na chakula kinatulia.

Wanyamwezi na Wasukuma wanaifahamu kanuni hii kupitia viazi vitamu, tena wana njia mbili. Michembe ni viazi vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa juani. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa, ndipo vikaanikwa. Michembe ukitaka kula lazima uipike. Matobolwa yameshaiva, unatafuna hata ukiwa njiani.

Umeona tunakoelekea? Swali la donge na mkate ni lile lile: uhifadhi kikiwa kibichi, au uhifadhi kikiwa kimeiva? Tofauti ni kwamba jua linaondoa maji kabisa, wakati friza inayaacha humo humo lakini inayafunga. Maji yakiwa barafu hayatumiki na mdudu yeyote. Kugandisha, kwa maneno mengine, ni namna ya kukausha bila kuondoa maji. Na shida zote za friza zinatokana na hapo: maji bado yamo, na yakigeuka barafu yanabadilisha umbo.

Ndani ya donge kuna viumbe hai

Donge la mkate lina vitu viwili vya kuangalia kwa makini.

Cha kwanza ni hamira. Hamira si kemikali kama baking powder. Ni kuvu wa seli moja, jina lake la kisayansi *Saccharomyces cerevisiae*. Zile chenga kavu kwenye pakiti ni seli zilizolala. Ukizipa maji na sukari zinaamka, zinakula sukari na kutoa gesi ya kabonidioksaidi pamoja na alkoholi kidogo. Gesi ndiyo inayoumua donge.

Cha pili ni gluteni. Unga wa ngano una protini ambazo, zikikutana na maji na mkono wa mkandaji, zinaungana na kuwa wavu unaovutika. Ndiyo maana donge lililokandwa vizuri unaweza kulivuta likawa jembamba kama plastiki bila kuchanika. Wavu huo ndio unaoshika gesi. Unga wa mahindi au muhogo hauna wavu huo, ndiyo sababu hata ukiujaza hamira hautakupa boflo.

Kwa hiyo mkate mzuri unahitaji mambo mawili kwa wakati mmoja: hamira hai ya kutoa gesi, na wavu mzima wa kuishika. Kimoja kikifa, mkate unakuwa tofali.

Barafu inafanya nini kwenye donge

Maji yakiganda yanatanuka kwa takribani asilimia 9. Ndiyo maana chupa ya soda ukiisahau kwenye friza inapasuka. Ndani ya donge, fuwele za barafu zinaota katikati ya nyuzi za gluteni, zinazisukuma na kuzikata. Pia zinavuta maji kutoka kwenye gluteni yenyewe. Donge likiyeyuka, maji hayarudi yote pale yalipokuwa. Ndiyo sababu donge lililotoka friza mara nyingi linakuwa na ubichibichi na kunata kwa nje, ingawa hukuongeza hata tone la maji.

Ukubwa wa fuwele unategemea kasi ya kuganda. Chakula kikiganda haraka, fuwele zinakuwa nyingi na ndogo. Kikiganda taratibu, zinakuwa chache na kubwa, na zile kubwa ndizo zinazoharibu. Mmarekani Clarence Birdseye alijifunza jambo hili Labrador, Kanada, kabla ya mwaka 1920, alipoona samaki wa Wainuiti walioganda mara moja kwenye baridi kali wakiyeyuka wakiwa kama wabichi. Biashara ya vyakula vilivyogandishwa ya leo imejengwa juu ya hoja hiyo. Viwanda vina mashine za kupuliza hewa ya baridi kali sana. Friza ya nyumbani, yenye nyuzi 18 chini ya sifuri ikiwa nzima, haina uwezo huo. Donge nene la kilo moja litachukua saa nyingi kuganda mpaka katikati.

Sasa hamira. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Seli ya hamira ikiwa imelala ina akiba ya sukari maalumu iitwayo trehalosi, inayozilinda ngozi zake na protini zake dhidi ya ukavu na baridi. Ikiamka na kuanza kuchacha, inaitumia akiba hiyo. Yaani hamira iliyochangamka ndiyo inayokufa kirahisi kwenye friza kuliko ile iliyolala. Matokeo yake ni kwamba donge ulilolisubiri liumuke vizuri, halafu ndipo ukaligandisha, limeingia friza likiwa limeshavua koti.

Na seli zikifa hazifi kimya. Zinapasuka na kumwaga glutathioni, kijimolekuli kinachokata vifungo vya salfa vinavyoshikanisha nyuzi za gluteni. Kwa hiyo hamira iliyokufa inaleta hasara mara mbili: gesi inapungua, na wavu uliobaki unalegea. Ndiyo maana donge lililokaa miezi mitatu linaumuka nusu, tena linasambaa pembeni kama chapati badala ya kupanda juu.

Viwanda vinajitetea kwa kutumia aina za hamira zinazovumilia baridi, unga wenye protini nyingi, na asidi askobiki, ambayo ndiyo vitamini C, ili kuimarisha gluteni. Nyumbani hatuna hayo yote, ila tuna mbinu zetu. Tutazifikia.

Ndani ya mkate: kwa nini mkate hulala

Tugeukie upande wa pili. Mkate uliookwa hauna hamira hai. Hamira ilishakufa joto la ndani lilipopita nyuzi 60 hivi. Gluteni nayo imeshaiva na kushikana, haivutiki tena. Kwa hiyo hofu zote mbili za donge hapa hazipo. Kilichobaki ni wanga.

Wanga wa ngano ukiwa mbichi uko kwenye chembe ndogo ngumu zilizopangika. Ukipata maji na joto, chembe zinavimba, mpangilio unavunjika, na unapata ule ulaini wa mkate wa moto. Mkate ukipoa, molekuli za wanga, hasa zile zenye matawi ziitwazo amilopektini, zinaanza kujipanga upya polepole na kuwa fuwele. Mkate unakuwa mgumu na wenye kuvunjikavunjika. Ni jambo lile lile linalofanya ugali wa jana ukatike kwa kisu.

Wengi wetu tunadhani mkate uliolala ni mkate uliokauka. Siyo hivyo tu. Mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionesha kwamba mkate unakuwa mgumu hata ukifungwa usipoteze maji, na kwamba ukiupasha joto tena unarudi kuwa laini. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, Mholanzi J. R. Katz alitumia mionzi ya X na kuonesha kwamba ndani ya mkate uliolala wanga umerudi kwenye mpangilio wa fuwele.

Sasa sikia hili, maana lina faida kubwa jikoni. Wanga unajipanga upya haraka zaidi kwenye baridi ya wastani, yaani nyuzi chache juu ya sifuri. Hiyo ni baridi ya friji! Mkate ukiuweka kwenye friji ya kawaida unalala haraka kuliko ukiuacha mezani. Friji inauchelewesha ukungu, kweli, lakini ulaini inauua. Ukishuka mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri, mambo yanageuka: molekuli hazina uwezo wa kusogea, na kulala kunakaribia kusimama kabisa.

Kwa hiyo friji na friza, ingawa majina yanafanana, kwa mkate ni mahasimu. Meza ni ya siku moja au mbili, friza ni ya wiki kadhaa, na friji ni kimbilio tu pale unapoogopa ukungu na huna friza.

Na kwa kuwa fuwele hizo za wanga zinayeyuka kwenye nyuzi 60 hivi, mkate uliotoka friza ukiupasha vizuri unarudi karibu na hali yake ya mwanzo. Sharti ni moja: ule ukiwa wa moto. Mkate uliopashwa ukipoa tena unalala haraka kuliko mara ya kwanza.

Hasara za mkate kwenye friza

Tusiupambe mkate kupita kiasi. Nao una matatizo yake.

La kwanza ni nafasi. Mkate umejaa hewa. Donge lile lile likishaokwa linachukua nafasi mara tatu hata nne zaidi. Kwenye friza ndogo yenye samaki na nyama, donge linashinda hapa bila ubishi.

La pili ni ganda. Unyevu unahama kutoka kwenye nyama ya mkate kwenda kwenye ganda, kwa hiyo ule ukavu mtamu wa nje unapotea. Kuupasha kwenye joto kavu kunaurudisha kwa kiasi.

La tatu ni ukavu wa friza. Barafu inaweza kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Mkate usiofungwa vizuri unapoteza maji kidogo kidogo, unaona unga wa theluji ndani ya mfuko na madoa meupe makavu kwenye slesi. Maji hayo yameondoka, joto haliyarudishi. Na mkate unanyonya harufu. Ukiulaza jirani na dagaa bila kuufunga, usishangae chai ya asubuhi ikanukia Kigoma.

Hesabu ya umeme na mkaa

Wengine wanaogopa kwamba kugandisha kunakula umeme. Tupige hesabu. Kilo moja ya unga inachukua karibu mililita 600 za maji, sawa na kilo 0.6. Kugandisha kilo moja ya maji yaliyofika sifuri kunahitaji kuondoa kilojuli 334 za joto. Kwa hiyo:

0.6 × 334 = kilojuli 200 hivi.

Ukiongeza joto la kulipoza donge lenyewe kutoka nyuzi 28 za jikoni mpaka 18 chini ya sifuri, unafika karibu kilojuli 400. Yuniti moja ya LUKU ni kilojuli 3,600. Joto la kuondoa, basi, ni takribani moja ya tisa ya yuniti. Ni kidogo, na kati ya donge na mkate tofauti haitishi. Umeme mwingi wa friza unaliwa na kuitunza baridi siku nzima, iwe ina mkate, donge au chupa za maji.

Gharama kubwa iko kwenye moto. Jikoni kwetu wengi wanaoka kwa mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga, moto chini na moto juu ya mfuniko. Sehemu kubwa ya mkaa inaishia kuupasha mchanga, sufuria na jiko kabla hata mkate haujaanza kuiva. Ukioka mikate sita kwa mfululizo, gharama hiyo unailipa mara moja. Ukigandisha madonge sita na kuyaoka siku sita tofauti, unailipa mara sita. Kuupasha mkate ulioiva, tena slesi mbili tatu kwenye kikaango, kunahitaji moto kidogo sana. Kwa mkoa ambao mkaa wake unatoka kwenye misitu ya miombo, hiyo ni hoja ya mfuko na ya misitu kwa pamoja.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo kasheshe inapoanza, na kwa maoni yangu hapa ndipo hukumu inapotolewa.

Friza iliyojaa, isiyofunguliwa mlango, inaweza kukishika chakula kikiwa kimeganda kwa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Kwa hiyo umeme ukikatika saa tatu, usifungue kuchungulia. Lakini hata kabla ya kuyeyuka kabisa, joto likipanda na kushuka, fuwele ndogo za barafu zinayeyuka na maji yake yanahamia kwenye fuwele kubwa, ambazo zinazidi kukua. Kila umeme unapokatika na kurudi, donge linakatwakatwa upya.

Likiyeyuka kabisa ni mbaya zaidi. Hamira inaamka, inaanza kula na kutoa gesi ndani ya mfuko. Umeme ukirudi, inagandishwa ikiwa imechangamka, yaani katika hali ile ile inayoiua kirahisi. Donge lililopitia hivyo mara mbili tatu limekwisha, hata kama kwa macho linaonekana zima. Na ikiwa lina maziwa na mayai, likikaa nje ya baridi kwa zaidi ya saa mbili kuna hatari ya bakteria pia.

Mkate ukiyeyuka, je? Unakuwa mkate tu, uliokaa mezani. Utakuwa umepoteza ulaini kidogo. Unaweza kuula siku hiyo, kuupasha, au kuugandisha tena ukikubali ubora upungue. Mkate unasamehe, donge halisamehi.

Tufanyeje basi?

Kwa mtu wa Kitete, au popote umeme unapokatika na mkaa unanunuliwa kwa kipimo, jibu langu ni: oka kwanza, gandisha baadaye. Fanya kama matobolwa. Donge liwe chaguo la pili, kwa wiki chache, ukiwa na uhakika wa umeme au nafasi ikiwa ndogo mno.

Ukigandisha mkate:

- Uache upoe kabisa, saa moja mpaka mbili. Ukiufunga wa moto, mvuke unakuwa barafu ndani ya mfuko.
- Ugandishe siku ile ile. Friza inasimamisha saa, hairudishi nyuma. Ukiuingiza ukiwa umelala, utatoka umelala.
- Kata slesi kabla ya kugandisha, uwe unatoa za kutosha tu.
- Funga mara mbili, toa hewa, andika tarehe. Mwezi mmoja ni salama kwa ladha, miezi mitatu ndiyo mwisho.
- Slesi peleka moja kwa moja kwenye kikaango. Mkate mzima uache uyeyuke ukiwa ndani ya mfuko wake, kwenye joto la kawaida, halafu uupashe. Usiuyeyushe kwenye friji, maana unaupitisha polepole kwenye baridi ile inayoulaza.
- Friza haiui ukungu, inauzubaisha tu. Mkate wenye doa la ukungu usiugandishe wala usikate doa ukala kilichobaki. Mizizi ya kuvu kwenye mkate laini inapenya mbali kuliko jicho linavyoona.

Ukigandisha donge:

- Kandia maji ya baridi. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo kwa hiyo gesi inatanuka kirahisi, na mwezi Oktoba joto ni kali. Donge linaumuka haraka kuliko unavyodhani.
- Ongeza hamira, mara moja na nusu mpaka mara mbili ya kawaida, ili kufidia zitakazokufa.
- Usisubiri liumuke. Likande, lipumzishe dakika kumi, ligawe, lipeleke friza hamira ikiwa bado inapiga miayo.
- Tengeneza vidonge vidogo vya skonzi, au libonyeze liwe bapa. Ukipunguza unene kwa nusu, muda wa kuganda unapungua kwa zaidi ya nusu. Hii inasaidia na wakati wa kuyeyusha: donge nene huanza kuchacha nje wakati katikati bado ni jiwe.
- Ligandishe kwanza juu ya sinia likiwa wazi mpaka ligumu, kisha funga. Litumie ndani ya wiki mbili hadi nne.
- Liyeyushe kwenye friji usiku kucha, halafu liache nje liumuke mpaka liwe mara mbili. Usifuate saa, fuata donge.
- Umeme ukikatika na ukakuta limelainika, usiligandishe tena. Lioke.

Kuna na njia ya katikati, ambayo maduka mengi ya mikate duniani yanaitumia: oka mpaka mkate uive ndani na ushikane lakini ganda likiwa bado jeupe, upoze, ugandishe, kisha umalizie kuoka siku ya kula. Hamira na gluteni zimeshamaliza kazi, kwa hiyo umeme ukikatika hasara ni ndogo. Na bado unapata harufu ya mkate wa moto na ganda jipya. Kwa anayeuza skonzi alfajiri, hii pengine ndiyo inayofaa kuliko zote.

Chapati nazo? Donge la chapati halina hamira, kwa hiyo nusu ya matatizo haipo. Hata hivyo chapati zilizopikwa, zikapangwa na karatasi katikati, ni rahisi zaidi. Joto la kikaango linazirudisha kwa dakika mbili.

Jipimie mwenyewe

Usituamini kwa maneno. Kanda unga mara moja, gawa vipande vinne vya gramu 200. Cha kwanza acha kiumuke, kioke leo, pima kimo chake kwa rula. Hicho ndicho kipimo chako. Cha pili kioke vilevile leo, kipoze, kigandishe. Cha tatu kigandishe kikiwa kibichi mara tu baada ya kukanda. Cha nne kiache kiumuke vizuri kwanza, ndipo ukigandishe kibichi.

Baada ya siku 14, yeyusha vyote. Hivyo viwili vibichi viache viumuke, vioke kwenye chombo kile kile na moto ule ule. Pima vimo. Kama tuliyoyasema ni kweli, kipande cha nne kitakuwa kifupi kuliko cha tatu, kwa sababu hamira yake iliingia kwenye baridi ikiwa imeamka. Kisha chukua mkate wa pili, kata slesi mbili: moja ile ikiwa ya baridi, nyingine ipashe. Utaonja fuwele za wanga kwa ulimi wako, halafu utazionja zikiwa zimeyeyuka. Ukiwa mwalimu, unahitaji rula, kalamu na friza tu kuligeuza hili kuwa somo zima la biolojia na kemia kwa kidato cha pili. Na wanafunzi hawatakataa kula matokeo.